Kuzuia dozi nako ni uuguzi

Wauguzi wenzangu mnaosomea NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi Marekani, mkiwa nyumbani Tanzania, msikubali kuambiwa kwamba mtihani huo unatuangusha kwa sababu hatujui kazi. Kazi tunaijua. Hatukuzoezwa kusema kwa sauti kwa nini tumeamua tulivyoamua.

Kuna swali la mazoezi sitalisahau. Mama amejifungua, damu inamtoka, mfuko wa uzazi uko juu ya kitovu na umesogea kulia. Unaanza na nini? Kabla sijafika mwisho wa swali nilishakiona kibofu kilichojaa kikiusukuma mfuko huo, maana matumbo ya namna hiyo nimeyashika kwa mkono huu miaka yote ya wodi ya wazazi. Msaidie akojoe kwanza. Tangu Aprili 2023 mtihani unapima zaidi jambo hilohilo: unapewa kisa chenye maswali 6, dalili ipi ya kushtua, inaashiria nini, lipi la hatari zaidi, yapi yanaweza kusaidia, ufanye nini, utajuaje kama imesaidia. Mkunga wa kwetu hufanya yote hayo gizani, akiwa na tochi ya simu.

Lililonitesa ni magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba, ambayo ikizidi mwilini goti huacha kuruka likigongwa na pumzi hupungua. Usiku mmoja nyumbani nilikuwa na mama wa kifafa cha mimba, dozi yake imefika. Nikamgonga goti, halikuruka. Nikahesabu pumzi dakika nzima: 11. Sikumchoma sindano. Lakini kwenye faili sikuandika kitu, wala daktari sikumwamsha. Nilikaa naye hadi kukapambazuka, nikihesabu. Mama alipona. Asubuhi mkuu wa wodi aliuliza swali moja tu: "Sista, nani alikuruhusu kuruka dozi?" Nikaomba radhi. Naumia hadi leo kwamba niliomba radhi, na zaidi kwamba nilinyamaza, kwa sababu kama pumzi zingezidi kushuka, hakuna mwingine ambaye angejua.

Huku Marekani ninakofanya kazi sasa, swali hilo limejaa vitabuni: pumzi 10, goti haliruki, dripu inaendelea. Funga dripu kwanza, kisha mpigie daktari, kalsiamu glukoneti, dawa ya kupoza magnesiamu iliyozidi, iwe karibu. Mimi nilichagua kumpigia daktari kwanza. Nilikosa swali ambalo nilishalipatia kitandani kwa mgonjwa, na nililikosa kwa woga wa kuonekana najifanya daktari.

Simaanishi huku ni peponi. Sheria ya California inamlinda muuguzi wa wodi ya kawaida asipewe wagonjwa zaidi ya 5, na natamani kwetu tufike hapo. Ila nimeona pia vijana wanaosoma namba kwenye skrini bila kumgusa mgonjwa ngozi wajue kama ana jasho la baridi. Hilo sisi tusilipoteze.

Mnaojiandaa, anzeni kwenye zamu zenu za sasa. Ukizuia dawa, andika saa, kipimo na sababu, hata kama hakuna atakayesoma.

Juzi usiku nilikuwa na mzee anayetumia digoksini, dawa ya moyo isiyotolewa mapigo yakiwa chini ya 60. Mapigo yake, dakika nzima, 52. Nikaizuia, nikampigia daktari. Akauliza potasiamu ni ngapi, maana ikiwa chini digoksini huwa hatari zaidi, nikamtajia. "Asante kwa kuizuia," akakata simu. Nikaandika yote, kisha nikarudi kumpima tena.