Maumivu ya kidole tumbo huhama
Asante mwandishi kwa makala yako ya kutueleza upasuaji wa kidole tumbo, kile kijifuko chembamba cha utumbo kinapovimba, ila dalili umezipitia juu juu, na hapo ndipo wengi wanapochelewa. Mara nyingi maumivu huanza karibu na kitovu, kisha baada ya saa kadhaa huhamia chini upande wa kulia. Mgonjwa akikohoa au akitembea yanazidi, na hamu ya kula inaisha kabisa. Jamani, msimpe dawa ya kuharisha eti asafishe tumbo! Inaweza kufanya kidole tumbo kilichovimba kipasuke, na kikipasuka, usaha humwagika tumboni. Na mkiambiwa asile kabla ya nusu kaputi, msimwonee huruma mkamlisha kwa siri: chakula kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu akiwa hajitambui.