Mchoraji wa Paris na asteroidi ya Lutetia

Novemba 15, 1852, kutoka chumba chake juu ya mkahawa wa Procope jijini Paris, mchoraji Hermann Goldschmidt alielekeza darubini yake ndogo angani, akaiona nukta ya mwanga ambayo haikuwa nyota. Ilikuwa asteroidi, yaani mwamba wa angani, ya 21 kuorodheshwa, inayozunguka Jua katika ukanda ulio kati ya Mirihi na Mshtarii. Mwanafalaki François Arago akaipa jina Lutetia, jina la kale la Paris. Goldschmidt hakuajiriwa na kituo chochote cha anga. Alikula kwa brashi na rangi. Hata hivyo, kufikia 1861 alikuwa amegundua asteroidi 14.

Leo wapo wanaosema zama za wanafalaki wa ridhaa kama yeye zimekwisha, na hoja yao ni nzito. Juni 2025 kituo cha Vera C. Rubin nchini Chile, chenye darubini ya kioo cha upana wa mita 8.4, kilitangaza asteroidi mpya 2,104 zilizopatikana kwa saa zipatazo 10 tu za kutazama. Mtu mwenye darubini uani kwake atashindana vipi na hilo? Kwa wingi wa ugunduzi hawezi, na sioni haja ya kubishana. Inauma, kwa sababu mgunduzi ndiye mwenye haki ya kupendekeza jina, na heshima hiyo inazidi kuhamia kwenye mitambo.

Lakini kuihesabu asteroidi si kuijua. Lutetia yenyewe ilibaki karibu nukta tu kwa zaidi ya miaka 157, hadi Julai 10, 2010, chombo cha angani cha Rosetta kilipoipita kwa umbali wa kilomita zipatazo 3,170 na kutuonyesha mwamba wa kilomita kama 100, umejaa mashimo ya kugongwa. Asteroidi zinazojulikana zimepita milioni moja. Zilizofikiwa na vyombo ni chache mno.

Hapo ndipo ninapowaona watu wa ridhaa wakihitajika kuliko jana. Asteroidi ikipita mbele ya nyota, nyota huzimika kwa sekunde chache kwa walio ndani ya kivuli chake. Watazamaji wakijipanga kwa umbali wa kilomita kadhaa, mmoja ataandika sekunde nne, wa katikati saba, wa mwisho ataona nyota ikiwaka bila kukatika. Ukiugeuza kila muda kuwa mstari na kuipanga mistari hiyo, umbo la mwamba linajichora karatasini. Kazi hiyo haitaki kioo kikubwa, inataka watu wengi mahali pengi, kila mmoja na darubini ya kawaida, kamera, na saa iliyolinganishwa na setilaiti. Kivuli cha asteroidi kikikatiza Dodoma au Garissa, darubini ya Chile, kwa ukubwa wake wote, haiwezi kukiona. Atakiona aliye Dodoma au Garissa, akiwa macho usiku huo.