Siku tatu? Ngozi ya mbuzi si chai

Wiki iliyopita binamu yangu alinitumia video kwenye WhatsApp. Kijana anachemsha magome ya mti, anatumbukiza ngozi ya mbuzi, na baada ya siku tatu anaitoa laini kama kitenge, tayari kushonwa mkoba. Chini yake binamu kaandika: "Unaona? Wewe uko na ndoo yako ya ngozi mwezi mzima." Nilicheka, kisha nikakasirika.

Maana ngozi yangu ya kwanza niliiua hivyo hivyo. Ilikuwa ya mbuzi wa harusi, kule Kadutu, hapa hapa Bukavu, na walishaanza kuiburuta kuelekea mtaroni nikaiomba. Niliitia chumvi usiku ule ule. Nikailaza siku nne kwenye maji ya majivu mpaka manyoya yaking'oka kwa kidole tu, nikakwangua nyama na mafuta kwa kisu butu, nikaisuuza maji saba, ya mwisho yakiwa ya pumba zilizochacha ili ukali wa majivu utoke. Hadi hapo nilikuwa fundi. Kisha haraka ikanishika. Nikachemsha magome ya akasia gunia nzima, maji yakawa mekundu mazito, yalipopoa nikaidumbukiza. Siku ya tatu ilikuwa kahawia ya kupendeza hata nikaita watu waje waone. Nikakata kipande pembeni: katikati, nyeupe. Mbichi! Dawa kali ilikuwa imekaza uso wa ngozi na kujifungia mlango yenyewe, ndani haikufika kitu. Ilipokauka ikawa bati. Ungeweza kuezekea choo.

Kinachofanya kazi humo ni tanini, kile kitu kinachokukunja uso ukitafuna ganda la ndizi mbichi. Kinapenya polepole, na lazima kikute njia ikiwa wazi. Ndiyo maana unaanza na maji mepesi, rangi ya chai ya mgonjwa, unaigeuza ngozi asubuhi na jioni, halafu kila siku mbili tatu unaongeza ukali kidogo. Mbuzi anataka wiki tatu, nne. Ng'ombe hesabu miezi. Kijana wa video hakukata pembeni hata mara moja, na mimi nikiona mtu anaonyesha ngozi bila kuikata, nafunga simu.

Halafu chombo. Usitumie pipa la chuma, nakuomba. Mimi nilitumia, ngozi ikatoka na mabaka meusi kama mtoto kamwagia wino, na kusema kweli ni wino hasa: chuma na tanini zikikutana ndicho zinachotengeneza. Plastiki au mbao, basi. Maji nayo yawe ya mvua. Ya ziwa letu la Kivu yana magadi magadi na hayaelewani na magome. Na Bukavu hii, mtu wa kulalamika kuwa hana mvua ni nani?

Haya, nakubali: viwanda vinavyotumia kromu, dawa ya madini badala ya magome, vinamaliza kwa siku moja kazi yangu ya mwezi, na ngozi yao ni laini kuliko yangu. Harufu pia sibishani nayo. Lakini msiniambie kwamba "dawa ya miti haifanyi kazi". Mkanda nilioununua sokoni kwa jina la ngozi halisi umebambuka mvua ya pili, chini nikakuta kitambaa. Huo ndio unafanya kazi?

Na magome yanatupwa bure! Akasia ile iliyotoka Australia imejaa milimani, wanaikata kwa kuni na makala, na gome, ambalo ndilo lenye tanini nyingi, linabaki chini linaoza. Mzee mmoja anayepasua kuni njia ya Kabare alinijazia magunia mawili, akakataa hata faranga moja. Alidhani nimerukwa na akili.

Ngozi ya sasa ina siku ya ishirini na mbili. Jana nimeikata pembeni: kahawia huku, kahawia huku, katikati kamstari keupe kembamba kama uzi. Nimeirudisha majini. Mama jirani akachungulia juu ya ukuta, akauliza kama harufu itakuwa imeisha siku ya ubatizo wa mjukuu wake. Nikamwuliza ubatizo ni lini. Jumapili, akasema. Nikamwomba wausogeze mbele kidogo.