Mpelekeni mkulima Amani

Shangazi yangu amelima mihogo Muheza kwa zaidi ya miaka 40. Akitoka nje asubuhi anaiona milima ya Usambara, na mawingu ya juu yake ndiyo yanayomwambia kama mvua ipo au haipo. Lakini Amani, kule juu milimani kwenye bustani ya mimea, hakuwahi kufika. Nilipomwambia twende tukaione bustani hiyo, aliniuliza, "Kuna simba?" Nikamjibu hakuna. "Sasa mwanangu, tutoe nauli tukaangalie miti? Miti si hii hapa?"

Swali lake nimeshalisikia kwa watu wengi, wakiwamo wasomi. Sisi Watanzania tukitaja kutembelea mahali tunafikiria wanyama au bahari. Bustani ya mimea tumewaachia wageni na watu wa picha za harusi. Hapo ndipo ninapopinga: bustani kama ile ni ya mkulima kwanza, mtalii baadaye.

Kutoka Muheza ni kilomita 30 na ushei, barabara ya vumbi na kona. Ukishapita Sigi, baridi inaanza, mashamba ya chai yanatokea, na shangazi akajifunga kanga ya pili. Mwongozaji wetu, kijana wa hapo hapo, alimwamkia, akaitikiwa, kisha akachuma jani moja la mti mkubwa, akalifikicha na kumpa anuse.

"Karafuu maiti!" shangazi alisema, akalinusa tena. Miaka yote hiyo ameinunua dukani misiba inapotokea, na hakuwahi kujua kwamba inatoka kwenye mti, wala kwamba mti wenyewe umesimama kwenye milima anayoitazama kila siku. Kuanzia hapo ni yeye aliyeuliza maswali, mimi nikawa wa kufuata nyuma.

Wajerumani walipoianzisha Amani mwaka 1902 hawakuwa na haja ya mahali pa kupunga upepo. Walitaka mazao ya kuingizia koloni lao fedha. Walifyeka vipande vya msitu, wakaleta mbegu na miche kutoka Asia na Amerika, na watu wa milima hii ndio walioshika majembe. Mikwinini ilipandwa kwa ajili ya dawa ya malaria. Vita vya 1914 vilipofunga njia za baharini, kwinini ya magome ya hapo ndiyo iliyotegemewa. Baada ya vita Waingereza wakaendeleza utafiti.

Na katika kipindi hicho cha Waingereza kuna habari ambayo kila mtu anayekula ugali wa muhogo angepaswa kusimuliwa. Nilimsimulia shangazi tukiwa tumekaa kivulini.

Mkulima wa Tanga anaujua mti wa mpira. Wajerumani waliupanda kwa ajili ya utomvu, bei ya mpira ikaporomoka mwaka 1913, mashamba yakaachwa, sisi tukabaki na majani. Shangazi anao mmoja nyuma ya jiko. Kisamvu cha mpira akikiunga kwa nazi na karanga, hakuna anayeulizia nyama. Mti huo ni ndugu wa muhogo. Miaka ya 1930, ugonjwa wa batobato ulipokuwa ukiangamiza mihogo, watafiti wawili wa Amani, Storey na Nichols, walichukua muhogo wakauzalisha na mpira, kwa sababu mpira uliuhimili ugonjwa. Mzao wa kwanza ulikuwa mgumu kwa batobato lakini mizizi yake si ya kuweka sufuriani. Wakaurudisha kwa muhogo, tena na tena, hadi wakapata mmea wenye ugumu wa mpira na mizizi ya kulika.

Mbegu za kazi hiyo zilipelekwa Nigeria miaka ya 1950. Huko Ibadan ukachaguliwa uzao mmoja, uliopewa namba 58308, na kuanzia miaka ya 1970 ukawa mzazi wa mihogo iliyoboreshwa, inayoitwa TMS, iliyosambaa Afrika. Uganda ilipopigwa na batobato kali miaka ya 1990, mmojawapo wa mihogo iliyowaokoa wakulima, Nase 3, ulikuwa wa ukoo huo.

Shangazi alikaa kimya kidogo. "Kwa hiyo huu mpira wangu wa kisamvu," akasema, "ni mjomba wa mihogo ya watu wote hao?"

Ndiyo, shangazi.

Sisemi Amani ni mema matupu. Mwongozaji alituonyesha msizi, mti waliouleta wageni, ambao hondohondo hula matunda yake na kuzidondosha mbegu ndani kabisa ya msitu wa asili. Sasa umejisambaza unavyotaka, katika msitu wenye mimea isiyopatikana kwingine. Hilo nalo mkulima alione kwa macho, maana yeye ndiye anayeletewa kila mwaka mche mpya wa kujaribu. Na dughulushi, lile ua dogo la zambarau kwenye miamba yenye unyevu, Mjerumani mmoja alilichukua 1892, leo limejaa kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani. Nililiangalia kwa haraka. Shangazi alikuwa ameshatangulia.

Alikuwa na swali lake la mwisho. Mihogo yake siku hizi inaoza ndani, ukiikata unakuta mistari ya kahawia. Mwongozaji akamwambia ugonjwa huo wa michirizi uliandikwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapo hapo Amani, 1936.

"1936!" shangazi alisema. "Na bado unatumaliza?"

Kijana hakuwa na jibu, nami sikuwa nalo. Ila swali lile ni la mtu anayestahili kuulizia mahali pale, na nimeamua kumsaidia alirudishe. Kikoba chao kina akina mama 22, wote wa mihogo. Nimeshaongea na mwenye Noah mmoja na mwenye Hiace, tunasubiri mvua za vuli zipite barabara ikauke. Shangazi amesema atakwenda na muhogo uliooza, mmoja, ndani ya kikapu.