Dunia Imepotea Chini ya Kochi

Zamani mtoto akitimiza mwaka, ametimiza, basi. Keki inakatwa, watu wanaimba kila mmoja kwa sauti yake, wanaaga. Siku hizi sherehe lazima iwe na mada. Ukimwalika mtu, kabla hajauliza saa ngapi anauliza, "Mada ni nini?" Ukimjibu kwamba mada ni binti yangu kufikisha miaka minane, anadhani unamkejeli.

Binti yangu alichagua sayari. Mama yake alikuwa ameshaangalia video kwenye simu, ile ya dada mwenye kucha ndefu anayekata karatasi mara mbili, anapuliza mara moja, na Zohali hiyo inaning'inia darini. "Mapambo tutatengeneza wenyewe, baba watoto, tutaokoa hela," akasema, kisha akapanda kitandani akalala fofofo.

Naomba niseme kidogo kuhusu huko kuokoa hela. Magazeti ya zamani ni bure, sikatai. Lakini gazeti linataka gundi, gundi inataka brashi, brashi inataka rangi, na rangi ikishamwagika inataka zulia jingine. Bado mkasi, maana ule wa nyumbani unakata kila kitu isipokuwa karatasi. Bado selotepu. Huyu aliyebuni selotepu alikosewa nini na binadamu? Mwanzo wake hauonekani. Unaizungusha ukiipapasa kwa ukucha, unavaa miwani, unaipeleka dirishani kwenye mwanga, na ukiupata huo mwanzo unachanika mshazari, unatoka na kiutepe chembamba kisichoweza kushika hata vumbi. Ukimaliza kulaani unakuta kile kipande kizuri cha mwanzo kimeganda kwenye kiwiko chako.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi: maputo manane, gazeti juu yake, rangi, tumemaliza. Binti akaja na rula.

"Baba, hizi zote ziko sawasawa. Huu ni uongo."

Akanisomea kitabu chake. Mshtarii, kipenyo chake ni mara 11 ya Dunia. Zohali ni mara 9 na ushee, bado pete. Jua ni mara 109. Nikamwambia, mama, wageni wako ni watoto wa miaka minane, hakuna atakayekuja na rula. Akasema yeye anayo, atawaazima.

Tukapatana Dunia iwe ya sentimita moja, tukachomoa ushanga wa bluu kwenye mkufu wa mama yake. Nilifurahi sana, sayari moja imekamilika hata kabla ya chai. Ndipo akauliza, "Na umbali?" Kwa kipimo hicho Dunia inatakiwa ikae mita 117 hivi kutoka kwenye Jua, yaani uani kwa jirani ambaye tunasalimiana kwa kukohoa tu. Neptuni ingebidi ikatundikwe kilomita tatu na nusu kutoka sebuleni. Keki iliwe huku, halafu wageni wapandishwe basi wakaone pambo moja? Mazungumzo yalikuwa marefu na yalihitaji msuluhishi. Mwishowe likabandikwa bango ukutani kwa mwandiko wake: UKUBWA NI WA KWELI. UMBALI SI WA KWELI, BABA AMEKATAA.

Hapo ndipo shemeji, kaka yake mama watoto, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu, akachomekea: "Na Pluto je?" Moyo ukanilipuka. Binti akamjibu bila kuinua kichwa kwamba Pluto ilivuliwa usayari mwaka 2006, wanaastronomia walikaa Prague wakapiga kura, sasa inaitwa sayari kibete. Nimewapenda bure watu wale. Ni kikao pekee cha wakubwa ninachokijua ambacho kimenipunguzia kazi.

Ukitaka kujua gundi ya unga ni kitu gani, usiulize video, niulize mimi. Unga wa ngano na maji, unakoroga jikoni mpaka uzito wa uji, unatia chumvi isije ikaota ukungu. Unachovya utepe wa gazeti, unaukamua kwa vidole viwili, unaulaza kwenye puto. Sasa hapo kuna mitego miwili. Wa kwanza, ile gundi ikikauka kwenye mkono inashikana na vinyweleo, na kuibandua ni kama kunyolewa na mtu mwenye kisirani. Wa pili ni gazeti lenyewe. Unachana utepe, jicho linaangukia habari ya zamani ya mtu aliyeshtakiwa kwa wizi wa ng'ombe, unaisoma, inakatika pale pale hakimu anapofungua kinywa. Hukumu iko kwenye utepe mwingine. Utepe mwingine uko chini ya Mshtarii, safu ya pili. Hadi leo sijui yule bwana alifungwa au la, na inanisumbua.

Halafu vitu hivi havikauki. Nje pakavu, ukigonga panalia ko ko ko, ndani bado uji. Shemeji akapasua puto la Uranus mapema "ili hewa iingie", na Uranus ikanywea mbele ya macho yetu ikabaki bonde. Usiku ule ule panya wakala pete za Zohali. Si ajabu, ni unga na chumvi, wamepikiwa. Asubuhi nikajiandaa kumbembeleza mtoto, kumbe yeye ndiye aliyenibembeleza: "Usijali Baba, hata zile za kweli zinaisha. Barafu yake inadondokea kwenye sayari kidogo kidogo." Nikamuuliza zitaisha lini. Labda miaka milioni 100 na zaidi, akasema. Za kwetu zilikwisha kabla ya alfajiri.

Maputo ya kupamba nayo yana hadithi. Kwenye video yanapaa yenyewe, yanatulia darini kistaarabu. Ya kwangu nilipuliza mpaka nikaanza kuona nyota ambazo hazimo kwenye mada, na yote yakalala sakafuni. Shemeji, mikono mfukoni, akanieleza kwamba pumzi ya mtu haipaishi puto, inatakiwa heliamu. Binti akadakia kwamba wanasayansi waliiona heliamu kwanza kwenye mwanga wa Jua, mwaka 1868, ndipo miaka mingi baadaye ikapatikana hapa duniani. Haya, asante. Kwa hiyo nikaichote huko? Nilichukua uzi, nikayatundika darini moja moja, nikawaambia huko juu ndiko yalikopaa.

Kuta zilifunikwa vitambaa vyeusi, eti ndiyo anga. Mimi, kama mwenye nyumba, nilipewa sare ya mwanaanga iliyoshonwa kwa karatasi za aluminiamu, zile za kufunikia chakula. Ukivaa vazi hilo hukai, maana linachanika. Hutembei kimya kimya, maana linapiga kelele. Joto lake usiseme. Sasa katika hali hiyo, nikiwa nimesimama mlangoni nang'aa, mama mkwe akaingia. Akaona nyeusi ukuta hadi ukuta. Akaona watu wamekaa chini. Akavua viatu taratibu, akajifunga khanga vizuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Poleni sana," akasema kwa sauti ya chini, akinishika mkono wa aluminiamu. "Ni nani tena?"

Nikamwambia hapana mama, ni sayari. Akatikisa kichwa, akasema sote njia yetu ni hiyo hiyo. Ilibidi mama watoto aje amtoe pembeni amweleze, na hata baada ya kuelezwa alikataa kuimba.

Watoto walifika, na nawapongeza: kila kitu walikigusa. Mmoja alikuja amevaa simba, akaambiwa simba hawapo angani, akaanza kulia, akatulizwa kwa kuambiwa kuna kundi la nyota linaitwa Simba, na hilo ni kweli. Mwingine akavuta uzi kuona utafanya nini. Dunia ikadondoka, ikadunda mara moja, ikapotelea chini ya kochi. Ushanga wa sentimita moja, zulia la manyoya! Sherehe ikasimama. Watu wazima tukapiga magoti na tochi za simu kuitafuta Dunia, mimi nikichanika kila nikijongea, mama mkwe ameinua miguu juu akinong'ona dua. Tulipata kalamu, soksi, na rimoti ya televisheni tuliyokwisha kuiuza. Dunia haikuonekana. Nikang'oa kifungo cha shati nikakitundika mahali pake. Binti akakikagua, matundu manne, akachukua kalamu akaongeza kwenye bango: DUNIA HII NI YA MUDA.

Mishumaa ilipulizwa, keki ikaliwa, na mtoto alicheka siku nzima, sina neno hapo. Neno langu liko kwa Jua. Jua lilisukwa na shemeji, kwa waya na magazeti, pale pale katikati ya sebule, "kwa sababu ndiko litakakotumika". Duara kamili, sentimita 109. Mlango wetu ni sentimita 80. Wageni walipoondoka shemeji akapima mlango, akapima Jua, akapima mlango tena, kisha akakumbuka ana mtu wa kumwona.

Kulikata nimekatazwa. "Jua likizimika, Baba, sisi sote kwisha." Basi limebaki. Anayetaka kwenda jikoni analizunguka kwa kushoto, anayetoka analizunguka kwa kulia, na taarifa ya habari naitazama nusu ya skrini. Jana shemeji amepiga simu. Nikajua anakuja kunisaidia. Kumbe anauliza Jua linavunjwa lini, maana ule waya aliuazima na mwenyewe anautaka.