Malaria hakuna. Je, papasi?

Mtu anayetumia dawa za kufubaza VVU anafika zahanati ana homa. Kipimo cha haraka cha malaria kinatoa mstari mmoja: hakuna malaria. Anapewa panadoli, anarudi zake Isimani. Baada ya siku chache homa inakata, nyumba nzima inashukuru. Wiki ikipita, hiyo hapo tena.

Ndivyo homa ya papasi inavyokwenda. Papasi si yule kupe wa ng'ombe anayeng'ang'ania ngozi. Hujificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, hutoka usiku, hunyonya nusu saa hivi na kuondoka. Asubuhi huna habari. Borelia, bakteria anaowaacha kwenye damu, huweza kuvimbisha msuli wa moyo: mapigo mbio, pumzi fupi, mtu hawezi kulala chali. Iringa inapakana na Dodoma, ambako hospitali ya Mvumi imewaona wagonjwa hawa kwa miaka mingi. Na utafiti wa 2022-2023 ulikuta VVU kwa takriban asilimia 11 ya watu wazima wa Iringa.

Wanaotetea kipimo cha haraka wana haki yao. Hakidai umeme wala mtaalamu wa maabara, na kimepunguza tabia ya kugawa dawa ya malaria kwa kila homa. Ila kinajibu swali moja tu. Hadubini, kwa tone lile lile la damu, ilimwonyesha mtu wa maabara vijidudu vilivyojisokota kama springi hali yeye alikuwa akitafuta malaria. Faida hiyo tumeiacha kimyakimya.

Hata hivyo, tusimsingizie papasi kila moyo. Mwenye VVU ana TB ya mfuko wa moyo na presha za kumtia hofu kwanza. Na mengi yanayosambaa kuhusu kupe na moyo ni habari za Lyme, ugonjwa mwingine wa kupe, unaojulikana zaidi Marekani na Ulaya.

Wengine husema, mpe doksisaiklini, yaishe. Ni nafuu kweli, na borelia hufa. Lakini wakifa kwa mkupuo, saa chache baada ya dozi ya kwanza, mgonjwa hutetemeka, joto hupanda, kisha presha huporomoka. Moyo uliokwisha kuchoka huenda usihimili. Akimeza usiku nyumbani, nani atamwangalia?

Mimi ningeridhika na kidogo: homa ikirudi na kipimo kikasema hapana, kliniki ya CTC, anakohudumiwa mwenye VVU, ichukue damu ya hadubini homa ikiwa bado juu, na mgonjwa aulizwe analala kwenye sakafu ya namna gani.