Mjumbe wa Kushauri Tu

Mwaliko huja na maneno matamu: hifadhi inaunda kamati ya ushauri ya jamii asilia, wanatafutwa wajumbe wa kujitolea, vikao vichache kwa mwaka, mshahara hakuna. Mzee akisitasita, majirani humsukuma kwa methali moja: asiyekuwapo na lake halipo. Methali ni ya kweli, ila siku hizi naitilia shaka, kwa sababu wapo waliokuwapo na lao halikuwapo vilevile.

Watazame Waendorois wa Ziwa Bogoria, Kenya. Ardhi yao ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 1973, nao wakaondolewa. Mwaka 1986 familia 170 zilipewa kiasi cha shilingi 3,150 kila moja. Kesi yao ilifika Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, wakashinda, na Umoja wa Afrika ukauidhinisha uamuzi huo mwaka 2010. Wengi hukumbuka ushindi. Mimi hurudia kifungu kidogo ndani yake. Kuhusu suala la kushirikishwa, Tume iliona kwamba waliozungumza na serikali kwa niaba ya jamii hawakujua kusoma, kwa hiyo nyaraka zilizowekwa mbele yao hawakuweza kuzielewa, na kwamba watu walipewa taarifa ya jambo lililokwisha kuamuliwa. Waliketi, walisikiliza, walirudi nyumbani. Bila Tume kuchimba, kuketi kwao kungehesabiwa kuwa kukubali.

Lakini kutokuwapo nako kuna gharama, na Bogoria hiyohiyo inaonyesha. Mwaka 2011 ziwa liliingizwa kwenye Urithi wa Dunia pamoja na Nakuru na Elementaita, na Tume ikalalamika kwamba Waendorois hawakuhusishwa. Mwaka 2014 serikali iliunda kikosi kazi cha kutazama namna ya kutekeleza uamuzi wa kesi yao, na ndani yake hakukuwa na mwakilishi wao. Hapo methali inarudi na nguvu zake zote.

Wanaotetea viti hivi hupenda kutaja Uluru, ule mwamba mwekundu wa katikati ya Australia. Waanangu, wenyeji asilia wa hapo, walirudishiwa hati ya ardhi yao tarehe 26 Oktoba 1985, na papo hapo wakaipangisha serikali kwa miaka 99. Bodi ya usimamizi ina wajumbe 12, na 8 kati yao ni Waanangu. Hiyo si kamati ya kushauri, ni watu wenye wingi wa kura. Hata hivyo jambo walilolililia kuliko yote, wageni waache kuupanda mwamba ambao sheria yao ya asili, Tjukurpa, inauheshimu, liliwachukua miaka 34. Serikali ya Bob Hawke, waziri mkuu wa Australia wakati huo, iliahidi kuzuia upandaji, kisha ikaimeza ahadi kabla ya makabidhiano. Miaka na miaka palikuwa na bango chini ya mwamba, wenyeji wakiwaomba wageni wasipande, na hapohapo karibu mnyororo umefungwa kwenye nguzo za chuma ili mpandaji ajishikilie. Bango lilisema tafadhali usipande; mnyororo ulisema karibu.

Mpango wa usimamizi wa mwaka 2010 ulitaja miongoni mwa masharti kwamba njia ingeweza kufungwa wapandaji wakipungua chini ya asilimia 20 ya wageni. Yaani mwenye nyumba alisubiri wageni wahesabiwe ndipo sheria ya nyumba yake ishike. Novemba 2017 bodi iliamua kwa kauli moja, na njia ikafungwa tarehe 26 Oktoba 2019. Ukisema ni ushindi wa kukaa mezani, sikupingi. Ila walikaa wakiwa na hati ya ardhi mkononi, na bado ilikuwa hivyo. Mwenye ushauri mtupu atasubiri miaka mingapi?

Halafu kuna hili la kujitolea, ambalo waandaaji hulipita haraka. Mezani pale ofisa wa hifadhi yuko kazini, mtaalamu analipwa kwa siku, na anayejitolea ni mfugaji aliyemwachia mtoto ng'ombe na kutoa nauli ya bodaboda mfukoni mwake. Wanaosema malipo yatazaa wajumbe wa kufuata posho wana hoja; sote tumewaona. Ila pasipo malipo kiti hubaki kwa mwenye nafasi: mstaafu, mwenye duka, mwenye gari. Mama wa kuchota maji, anayeijua kila chemchemi ya hifadhi ile, hatafika. Kati ya makosa hayo mawili, naona la pili ni baya zaidi.

Ningeitwa mimi, ningekwenda. Ila kabla chai haijamiminwa ningetaka iandikwe kwenye kanuni kwamba kila ushauri utajibiwa kwa maandishi, ukikataliwa na sababu itajwe. Kwamba nyaraka zitufikie kwa lugha yetu wiki mbili kabla, si asubuhi ya kikao. Na kwamba anayepinga, jina lake na neno lake viingie kwenye muhtasari. Karatasi ya mahudhurio ikinifikia, ningeandika juu yake kwa mkono wangu: sahihi hii ni ya kuhudhuria tu.